Tangu 2021 ni "tutarekebisha wiki ijayo" kwenye programu ya dozi za watoto. Nimechoka!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Natengeneza programu hapa Moshi, na mojawapo inakokotoa dozi kwenye wodi ya watoto ya hospitali ambayo sitaitaja.

Ndani yake kuna mstari wa tangu 2021: muuguzi akisahau kujaza uzito, programu inachukua uzito wa mgonjwa aliyetangulia. Aliyeuandika ameshaacha kazi, ila maneno yake yapo palepale: "kwa muda tu, tutarekebisha wiki ijayo." Wiki gani hiyo? Juu yake tumeshajenga chati, ripoti na stoo ya dawa. Ukiugusa leo vyote vinayumba, basi kila mtu anaukwepa na kubandika kiraka kingine. Hili ndilo deni la kiufundi: njia ya mkato ya jana ambayo kadiri inavyoachwa ndivyo inavyokuwa ngumu kuirekebisha.

Mwezi uliopita mtoto wa kilo 7 akapangiwa antibiotiki ya jentamaisini miligramu 180. Kwa miligramu 7.5 kwa kilo, yake ni 52.5. Zile 180 zilikuwa za mtoto wa kilo 24 aliyeandikiwa kabla yake! Dawa hiyo ikizidi inaharibu figo na masikio. Aliyemwokoa ni dada muuguzi anayerudia hesabu kwa kalamu kwenye daftari lake. Programu yetu ilishaweka alama ya kijani.

Nikampelekea meneja. "Kaka, tumalize kwanza moduli ya bima, mteja anaisubiri." Mara ya tatu hii.

Sasa hospitali inataka kufuta hesabu za daftari, eti zinachelewesha kazi na kompyuta ipo. Hapo ndipo damu inaponichemka. Mashine ya mionzi Therac-25 ilirithi programu za mashine zilizoitangulia. Kosa lilikuwemo tangu Therac-20, ila vizuizi vya umeme, vilivyokuwa vinakata mionzi isizidi, vililimeza, hakuna aliyelijua. Therac-25 ikaondolewa vizuizi hivyo, programu ikaachiwa kila kitu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na wapo waliokufa. Kwetu kizuizi ni daftari la yule dada.

Ninachotaka: mstari utolewe kabla ya moduli yoyote mpya, na mpaka utoke, daftari libaki. Wauguzi mliomo humu, kabla ya kuchoma sindano tazameni kilo zilizo kwenye skrini, msiishie kwenye dozi. Na kama kuna aliyewahi kumbana bosi mpaka akasimamisha kazi mpya, anieleze alivyofanya. Kikao chetu ni Alhamisi.