Jamaica Kincaid: nianze na Annie John, Lucy au A Small Place?

Mwanamvua_T: Za jioni wadau. Mwezi huu nina hela ya kitabu kimoja tu. Nimeshauriwa nimsome mwandishi Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua, kisiwa cha Karibi. Muuzaji anavyo vitatu: Annie John (1985), A Small Place (1988) na Lucy (1990). Kinachonivuta ni habari za mtu kuhama kwao hadi asijijue yeye ni nani. Kiingereza changu cha kuungaunga. Nichukue kipi?

KobeMzee: Annie John, bila kupepesa macho. Mama na binti wanashonewa sare, kitambaa kimoja. Binti akifika miaka 12 mama anamwambia basi, chagua chako, huwezi kuwa mimi mdogo maisha yote. Mwishoni anapanda meli kwenda Uingereza kusomea uuguzi, lakini mimi nasema alishahamishwa siku ile ya kitambaa.

NilirudiMuscat: KobeMzee shikamoo, ila hapana. Achukue Lucy. Binti wa miaka 19 anatoka kisiwani kwenda Marekani kulea watoto wa matajiri. Asubuhi ya kwanza anaona jua linawaka, anavaa gauni jepesi, akitoka nje baridi inamkata. Hakujua jua na baridi vinaweza kukaa pamoja! Mimi nilifanya kazi za ndani Muscat miaka miwili, kwangu ilikuwa kinyume: ndani kiyoyozi kinakutoa kamasi, nje tanuri. Halafu chumba chake cha kulala anakifananisha na sanduku la kusafirishia mizigo. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Mwl_Fasihi: Na maua je? Shuleni Lucy alikaririshwa shairi la Mwingereza la kusifia dafodili, maua ya manjano ya nchi za baridi, akalighani mbele za watu, na ua lenyewe hajawahi kuliona. Ukubwani bosi wake, Mariah, anampeleka bustanini kwa furaha zote akayaone. Lucy anatamani angepata kitu ayafyeke yote. Mariah ni mwema kweli, ndiyo maana inauma. Kincaid mwenyewe alipelekwa Marekani akiwa kijana kufanya kazi hiyo hiyo, na mwaka 1973 akabadili jina. Alizaliwa Elaine Potter Richardson.

GaidiWaUtalii: Naona A Small Place mmeikimbia. Kijitabu chembamba, si riwaya. Anamsemesha mtalii moja kwa moja, "wewe", anamwambia maji unayoogelea huenda yamekutana na ulichoacha chooni. Halafu ile maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la 1974, imebandikwa kibao kuwa matengenezo yanasubiriwa, na miaka inakatika. Natembeza wageni kila siku, nilipomaliza kusoma nilishindwa kuwatazama usoni.

Mwl_Fasihi: Ni kikali, sikatai. Ila humo wanaosafiri ni watalii. Yeye kaulizia anayehama.

KobeMzee: Marahaba, wa Muscat. Bado nasimama na mama na binti. Huyo Lucy anapokea barua za mamaye hazifungui. Usipoyajua mapenzi ya mwanzo utamwona ana roho mbaya tu.

Mwanamvua_T: Nilishamwambia muuzaji aniwekee Lucy. Sasa kanitumia ujumbe kuwa Annie John ina ukurasa umechanika, anapunguza bei. Mmenivuruga.

KobeMzee: Ukurasa wa ngapi?