Madalali wa Magarini, marehemu hatii sahihi!

Jamani, huu upuuzi wa kuuza shamba la marehemu kwa karatasi ya daftari utakwisha lini? Dalali wa ardhi anaingia Gongoni au Marafa, huku Magarini, Kilifi, anamtafuta kijana mmoja mwenye shida, anamtolea elfu ishirini, dole gumba kwenye wino, basi eti shamba limeuzwa. Wiki ya pili vigingi vya rangi nyekundu vimepigwa katikati ya mihogo, mikorosho inaangushwa ingali na maua. Na hati bado ina jina la babu aliyekufa!

Karatasi ile haiuzi kitu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Bei ya mbuzi hiyo, ndiyo maana hawaogopi. Tena kwa shamba la kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kisipoombwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano, mauzo yamekufa. Mnunuzi akadai pesa zake kwa aliyempa.

Wenye shamba, fanyeni sachi ofisi ya ardhi, yaani mkague rejista inasema shamba ni la nani, hata kama hati mnayo kabatini. Kisha cheti cha kifo na barua ya chifu ya kutaja warithi, mwende mahakamani kuomba usimamizi wa mali ya marehemu. Kwenye barua hiyo ndipo panapoharibika: wanaandikwa wana wa kiume tu, dada walioolewa Ganda au Mombasa wanaachwa. Siku dada mmoja akienda mahakamani, usimamizi unaweza kufutwa, mnaanza upya. Waandikeni wote, wajane pia. Ombi likishatangazwa kwenye gazeti la serikali mnangoja siku 30. Mkipewa usimamizi, kwa kawaida ni miezi 6 tena ndipo uthibitishwe, kila mtu na fungu lake. Kabla ya hapo hata msimamizi mwenyewe hana ruhusa ya kuuza ardhi. (Waislamu, mlango wa Kadhi uko wazi.)

Miezi hiyo 6 ndiyo dalali anayoipenda. Kwa hivyo wekeni mapema zuio kwenye rejista ya ardhi, lile watu wanaloliita kosheni, na hati halisi asipewe mtu akaitolee kopi. Toeni kopi wenyewe, hati irudi ndani.

Na machifu mnaogonga mhuri kwenye karatasi za daftari, huwa mnashuhudia nini hasa?