Kesi ya madai imepelekwa kwa msuluhishi: niingie kwa nguvu au niende kukamilisha ratiba tu?

MzigoMoro: Wakuu, habari za muda huu. Nauza vifaa vya ujenzi Morogoro. Mkandarasi alichukua nondo na saruji kwa mkopo, akalipa kidogo, kisha akaanza kunizungusha. Limebaki deni la milioni 38. Nimefungua kesi Mahakama ya Wilaya, naye kaleta utetezi kwamba saruji nyingine ilikuwa imeganda. Sasa tumepelekwa usuluhishi. Wakili wangu anasema twende tupite tu hiyo hatua. Mimi nina hofu mbili: nikitaja kiasi cha chini, si atakuja kunibana nacho kesi ikisikilizwa? Na jamaa ni bingwa wa kuomba tarehe, asije akaugeuza usuluhishi kichaka.

Kalamu_Nyekundu: Mkuu, hofu ya kwanza iweke chini. Yanayosemwa kwa msuluhishi ni siri, hayatumiki kama ushahidi. Msuluhishi naye siye atakayesikiliza kesi yenu. Kwa hiyo taja kiasi bila woga.

Hofu ya pili ina msingi, ila sheria imeiona. Soma Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ilivyorekebishwa kwa Tangazo la Serikali Na. 381 la 2019. Usuluhishi umepewa siku 30 tu. Asipotokea bila sababu ya msingi, utetezi wake unaweza kuondolewa. Usipotokea wewe mdai, kesi yako nayo iko hatarini, usijisahau.

Babu wa Kilosa: Hizo siku 30 ni za kwenye karatasi. Usuluhishi wa mahakamani tunao tangu 1994 na watu bado wanazeekea kwenye korido. Mdaiwa asiyetaka kulipa atakuja, atatabasamu, ataomba "muda wa kushauriana na familia", mwezi umekwisha.

Kalamu_Nyekundu: Babu, sikatai. Lakini usuluhishi ukishindikana faili linarudi kwa hakimu, na hapo ndipo wengi wanalala. Kila kesi hupangiwa mkondo, yaani kundi lenye muda wake wa mwisho wa kumalizika: ya haraka miezi 10, ya kawaida 12, ngumu 14, maalumu 24, ikihesabiwa tangu ilipofunguliwa. Ratiba ikishatolewa haibadilishwi kwa sababu wakili ana safari. Mahakama iridhike kwamba haki inadai hivyo, na anayeomba anabeba gharama. MzigoMoro, muulize wakili wako kesi yenu iko mkondo gani. Asipojua, hapo una tatizo kubwa kuliko mkandarasi.

MamaNondo: Mimi ni mfanyabiashara, si mwanasheria. Nilipitia hiyo meza. Kilichonisaidia ni karatasi moja tu: tarehe, namba ya ankara, mifuko mingapi, nani alisaini kupokea mzigo, kalipa ngapi, bado ngapi. Jamaa wangu naye alikuwa na wimbo wa mali mbovu. Msuluhishi akamwonyesha sahihi ya fundi wake mwenyewe na kumuuliza mbona mzigo haukurudishwa. Kimya. Tukaanza kuongea hela.

Kingine, hakikisha anakuja mwenye mamlaka ya kukubali. Wakileta karani wa kampuni anayesema "ngoja nimpigie bosi", mwambie msuluhishi palepale.

MzigoMoro: Asante dada. Karatasi za kupokelea mzigo ninazo, ila moja haina sahihi. Na akikubali kulipa kwa awamu halafu akakacha? Nianze kesi upya?

Kalamu_Nyekundu: Hapana. Mkataba wa maridhiano ukisajiliwa mahakamani unakuwa hukumu, na hukumu ya makubaliano haikatiwi rufaa. Akikacha unaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, dalali wa mahakama anaingia kazini. Ila andikeni kipengele hiki: akikosa awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Bila hicho utakimbizana naye awamu kwa awamu. Ile ankara isiyo na sahihi ndiyo ya kuachia ukitaka kupunguza kitu. Ndiyo dhaifu kwako kesi ikisikilizwa.

Babu wa Kilosa: Na awamu ya kwanza ilipwe siku ya kusaini. Asiye na hata milioni 5 siku hiyo, hana nia.

MzigoMoro: Nimempigia wakili. Mkondo haujui, anasema ataangalia kwenye faili.