Claire wa tamthilia ya Outlander: jasiri au msumbufu tu?

Mwana wa Langoni: Nimefika katikati ya msimu wa kwanza na nimechoka naye. Muuguzi wa vita, mwaka 1945 kagusa mawe ya Craigh na Dun huko Uskoti, kajikuta 1743. Haya. Wewe ni mgeni, hujui nani ni nani, nguo zako zenyewe zinakusuta. Si utulie kidogo? Jamie, Mskoti aliyemwoa huko, kamwambia abaki kichakani, yeye huyo mbio kwenye mawe, akanaswa na askari wa Kiingereza, wenzake wakahatarisha roho kumtoa ngomeni. Bibi yangu namfasiria, na kila mara anauliza, "Huyu mtoto hakufundwa?" Mnaomtetea nielezeni.

Muuguzi Mkomani: Alikuwa anakimbilia kwa mumewe wa 1945, Frank, na wewe ungekimbia. Ila hilo la kutulia ndilo limenichoma. Siku ya kwanza tu bega la Jamie limeteguka, wanaume wamelishika wanataka kulirudisha kwa nguvu. Ukilivuta ovyo unavunja mfupa. Claire akawazuia, akauweka mkono sawasawa kwanza, ndipo akalirudisha. Angetulia? Mimi niliwahi kutulia. Zamu ya usiku, dozi ya mtu mzima imeandikiwa mtoto, mkubwa wangu akaniambia nisimfundishe kazi. Nikanyamaza kama dakika kumi kabla sijamwita mwingine. Mtoto alipona, lakini dakika zile ninazo mpaka leo.

Ami wa Shela: Pole, mwanangu, ila hakuna aliyeutukana uuguzi. Tunazungumza adabu. Mwanamke wa Amu, yaani Lamu, angetupwa huko Uskoti ya 1745 angetazama kwanza wenyeji wanaishije, ndipo akafungua kinywa. Mwana Kupona alishatufunza.

Binti Pate: Ami, ni 1743. 1745 ni mwaka wa maasi ya Waskoti, yale yaliyoishia kwenye vita vya Culloden 1746. Na Mwana Kupona usimtie humu. Mwaka 1858, mumewe Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, keshafariki, mwenyewe mgonjwa, akatunga utendi mzima amwachie bintiye. Huyo ndiye mwanamke wa kunyamaza?

Ami wa Shela: Alimfunza nini huyo binti? Amtii mume. Usome.

Binti Pate: Nimehifadhishwa na mama yangu tukisuka ukili, kila nikikosea ubeti anafumua miyaa yangu naanza upya. Kwanza dini. Pili adabu. Tatu kusema kweli. Mume anakuja baadaye. Nyinyi mnaanzia pale panapowafaa!

Mkaa Wiyoni: Na karne ileile ya 18 ya kina Jamie, Pate ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija.

Ami wa Shela: Sasa mmenihamishia Pate! Nimesema mwanamke wa Amu. Pate walikuja kupigana na Wamazrui wao, watawala wa Mombasa, hapa Shela, wakarudi hawana hamu.

Binti Pate: Miaka mia mbili na zaidi bado mnaringia vita vya Shela. Hakuna jingine mlilolifanya?

Ami wa Shela: Binti, chunga ulimi. Nimezeeka kuliko babako.

Muuguzi Mkomani: Umeona, ami? Mwanamke akikujibu unahesabu umri. Huyo Claire ndivyo walivyomfanyia, mpaka akashtakiwa uchawi.

Mwana wa Langoni: Jamani, mimi niliuliza la Claire. Jana tumefika pale Jamie anamcharaza mkanda kwa kutoka kichakani. Nilidhani bibi atasema kayataka mwenyewe. Aligeuza uso ukutani, akaniambia nizime. Alikaa muda, kidole kinapitapita kwenye pindo la leso, kisha akauliza, "Yeye alifanyaje?" Nikamwambia baadaye alimwekea mume kisu shingoni, akamwambia asithubutu tena. Bibi akasema washa.

Ami wa Shela: Bibi yako kwao wapi?

Mwana wa Langoni: Siyu.