Tumekatiwa Imani ya Mitume kwenye "akazikwa", Yesu tumemwacha kaburini!

Wakuu, nimetoka ibadani sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule jamaa mhubiri mnamjua, wa suti ya kung'aa na "haleluya, sijasikia!" kila nusu dakika. Leo kapewa madhabahu usharikani kwetu. Tumesimama tunakiri Imani ya Mitume, lile ungamo la imani, kama tulivyofundishwa kipaimara: akateswa zamani za Pontio Pilato, akasulibiwa, akafa, akazikwa... Jamaa kanyakua maiki: "Hapo hapo! Mtume gani aliandika hayo? Acheni kukariri!"

AKAZIKWA! Hakusubiri hata siku ya tatu!

Sawa, mitume hawakukaa mezani kuiandika. Imetokana na maungamo ya ubatizo ya kanisa la Roma, na maneno tunayosema leo yalitulia karne ya 8. Kwa hiyo? Watu waliulizwa hayo wakiwa ndani ya maji, unaamini? naamini, anazamishwa. Luther kaiweka kwenye Katekisimu Ndogo 1529 baba afundishe nyumbani. Bibi yangu hajui kusoma ila ile anaimaliza bila kukosea. Leo kabaki mdomo wazi kwenye "akazikwa". Akazikwa, jamani!

KitiChaNyuma: Kwa hiyo mpaka muda huu hajafufuka? Tuahirishe Pasaka?

Mlokole_Og: Kasema kweli. Sisi Biblia tu, hatuna makaratasi.

SabatoNjema: Hata sisi Biblia tu. Na misingi ya imani 28.

Mlokole_Og: 28!! 😂

Nasadiki: Njooni kwetu. Imani ya Nikea, 325, ikapanuliwa Konstantinopoli 381. Hakuna wa kukukatia, padre mwenyewe anaikimbiza kama daladala inayowahi abiria.

Mwothodoksi: Mngeiacha ilivyokuwa 381 tungeelewana. Roho Mtakatifu atokaye kwa Baba, hapo "na Mwana" mmechomeka ninyi Wakatoliki, halafu tukigawanyika 1054 mnajifanya kushangaa.

Nasadiki: Huyu naye katokea wapi?

Mtoa mada: Rudini kwenye mada! Kakata kwenye AKAZIKWA!

KitiChaNyuma: Pole na msiba mkuu. Tanga liko wapi?

MamaKwaya: Afadhali wewe maiki. Kwetu mahubiri robo saa, mnada saa mbili. Kuku mmoja anauzwa, anarudishwa, anauzwa tena. Na ukimkosa huyo kuku, mwenyekiti anakutaja jina.

SabatoNjema: Kuku anafika bei gani huko?

MamaKwaya: Elfu themanini, na hana hata mkia.

Mlokole_Og: Nawahamia.