Mnaolisha tumbili huku Rau, njooni mnilipe mahindi yangu

Wakuu, nimejikaza sana lakini leo uzalendo umenishinda.

Nakaa Rau, Moshi, upande ulio karibu na msitu. Tumbili kwetu si wageni, tumewakuta na watatuacha. Zamani walikuwa wanakuja msimu wa mahindi, unapiga debe, mbwa anabweka, wanarudi zao msituni. Hawa wa siku hizi hata debe hawalijui. Asubuhi ya leo dume moja limekaa juu ya ukuta, mashavu yamevimba kwa mahindi yangu mabichi (wana vifuko mle mdomoni, wanajaza kwanza, kutafuna baadaye), linaniangalia mimi mwenye shamba kama nimekuja kuomba.

Halafu wanachagua watu. Akitoka dada, hawakimbii. Akitoka mama mwenye nyumba, hawakimbii. Mpaka atoke mwanaume. Mke wangu siku hizi akienda kuchuma mnafu anavaa koti langu na kofia. Kwake mwenyewe!

Sasa nani kawafikisha hapa? Mtaani kwetu kuna nyumba ya wageni. Wageni wanaamka, wanaletewa chai barazani, tumbili wanakuja, mkate unarushwa, ndizi zinarushwa, picha zinapigwa, kicheko. Mwenye nyumba anaona biashara imechanganya. Mgeni kesho anapanda basi kwenda zake, sisi tunabaki na wanyama waliozoea kifungua kinywa.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Nyumba za kupanga hapa nyuma zina pipa lisilo na mfuniko, limejaa maganda na makombo ya ugali. Gari la taka lina siku yake, lakini watu wanatoa mifuko tangu usiku. Kukicha imeshapasuliwa, nepi za watoto ziko mpaka mferejini.

Msichoelewa ni kwamba tumbili jike hahami. Anazaliwa kwenye kundi lake, anazalia humo humo, anafia humo. Wanaohama ni madume. Kwa hiyo bibi akishajua mkate unatoka baraza ya nani, binti anajua na mjukuu anajua. Hilo kundi haliondoki hapa hata mkiacha leo, litachukua muda mrefu kusahau. Wakati huo shamba langu ndilo linalolipa.

Kinachoniuma zaidi ni migomba. Mkungu wa mshare (ndizi zetu za kupika) haujakomaa, linakuja kundi zima, kila mmoja anachuma ndizi, anang'ata mara moja, anatupa, anachuma nyingine. Wangekula wakashiba nisingesema. Mtori wa Jumapili tunanunua ndizi soko la Mbuyuni, mtu mwenye migomba yake!

Najua watakuja wajuaji hapa kuniambia nijenge uzio. Tumbili na uzio wapi na wapi? Wengine watasema nipande pilipili pembeni. Nimepanda. Kweli hawaigusi, wanairuka wanaenda kwenye karoti.

Mkutano wa mtaa tulilisema hili. Jibu: andikeni barua. Barua ikaambiwa hiyo ni ya wanyamapori, wanyamapori wakasema muulizeni wa misitu. Mzee mmoja akauliza kuhusu kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa walioharibiwa na wanyama, watu wakacheka, eti hicho ni cha waliovamiwa na tembo.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi huu. Wiki hii kuna mtu ametega ndizi zenye sumu ya panya pembeni ya njia. Njia wanayopita watoto wa chekechea! Paka wa bibi jirani amekufa, kuku wamekufa, na tumbili mmoja tumemkuta mferejini, maji yale yale watu wanamwagilia mboga. Huyo aliyetega anajiona shujaa. Wanyamapori ni mali ya umma, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ipo. Mnakumbuka 2016, tumbili zaidi ya 60 walikamatwa pale uwanja wa ndege wa KIA wakitaka kusafirishwa nje? Nchi nzima ilipiga kelele, na serikali ikafunga biashara ya kusafirisha wanyamapori hai. Huku mtaani wanauawa kwa sumu na mwenyekiti anasema hajapata taarifa rasmi.

Ninachotaka hakina gharama. Nyumba ya wageni iwakataze wageni wake kulisha, kwa mdomo na kwa kibao. Mapipa yawe na mfuniko wa kufunga, jiwe juu yake halisaidii, wanaliangusha. Taka zitoke asubuhi gari linapokuja. Basi.

Walioko Shanty Town hapa hapa Moshi, kwenu mliwezaje? Nasikia kuna mtaa waliwabana wenye mapipa na hali ikatulia, anayejua aseme.

Na wewe mwenye sumu, tunakaribia kukujua. Ukijulikana ni polisi, usije kwangu na isale (lile jani la Wachagga la kuombea msamaha) na mbuzi kuomba yaishe. Mbuzi tutamla na kesi itaendelea.