Makumbusho ya utumwa Mkunazini: wanafunzi waanzie wapi?

Ticha_Historia: Wakuu, habari. Kidato cha pili, wanafunzi 40, wanakwenda makumbusho ya Mkunazini, Mji Mkongwe. Nina saa mbili tu. Waanzie vyumba vya chini au maonyesho? Na ni kweli watumwa walifungiwa mle? Nataka warudi na somo la haki za binadamu, si majonzi tu.

Mkaazi_wa_Ngambo: Mwalimu, anza na maonyesho. Wakitangulia chini, wakipanda hawana hamu tena ya kusoma mabango. Vyumbani dari ni fupi na hewa nzito, kwa hiyo shusha kumikumi, dakika 10 zinatosha. Mwenye pumu abaki juu.

Kuhusu ukweli wake: jengo lile, Mtakatifu Monika, lilikuwa hospitali ya misheni, na lilijengwa soko la watumwa la hapo likiwa limeshafungwa. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaosema vile vyumba huenda vilikuwa stoo ya dawa. Idadi ya watu waliofungiwa mle utakayotajiwa mlangoni isiingie daftarini kama ushahidi. Kwamba soko lilikuwa hapo, hilo halina ubishi.

Bi_Kumbukumbu: Wanaosubiri zamu wapeleke kanisa kuu la Anglikana lililo hapo hapo, ila si Jumapili asubuhi, kuna ibada. Mbele ya altare kuna duara la marumaru linaloonyesha palipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, kazikwa nyuma ya altare. Nje kuna shimo lenye sanamu tano zilizofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs, 1998. Wakataze mapema kushuka shimoni kupiga picha.

Sheria_na_Karafuu: Haki za binadamu zipate dakika 30 zao, na mzizi uwe sheria. Kosa la kawaida ni kufundisha kwamba utumwa Unguja ulikwisha 1873. Mkataba wa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, wa 5 Juni mwaka ule ulifunga masoko na usafirishaji baharini, basi. Aliyekuwa mtumwa shambani aliamka mtumwa.

Dekrii (amri ya Sultani) ya 1897 nayo haikumwachia mtu yeyote hivi hivi. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba, aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Bara ikasubiri hadi 1922.

Wape maswali mawili: mtumwa alipoachwa huru, fidia ilikwenda kwa nani, bwana au mtumwa? (Kwa bwana.) Na kwa nini masuria waliwekwa kando? Hilo la pili ndilo litakalowagombanisha kwenye boti; waache.